Kafuri na Siagi

Pale Kampen, mji wa Uholanzi, kwenye chumba cha majaribio ya maji, Hiltje alikuwa na amri moja: sabuni haivuki mlango. Mwanamke mpole yule, hata paka yeye humpisha njia, lakini ukimsogezea sabuni karibu na karai lake la kioo utatamani ardhi ikumeze. Karai husuguliwa kwa maji ya moto, husuuzwa, husuuzwa tena, basi. Kwani maji yana ngozi, na kazi ya Hiltje miaka yote ilikuwa kuichunguza ngozi hiyo: inakaza wapi, inalegea wapi, na kinachoelea juu yake kinavutwa upande gani. Tone la sabuni au kidole chenye mafuta, na ngozi yote imelegea. Hapo huna jaribio tena, una maji ya kuoshea miguu.

Jaribio lake kubwa lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Kiboti cha karatasi iliyopakwa nta, hakizidi kidole gumba, na nyuma yake punje ya kafuri. Naam, kafuri, hii hii tunayowatia maiti wetu; kule watu huiweka kabatini kufukuza nondo. Kafuri huilegeza ngozi ya maji nyuma ya kiboti, ya mbele ikabaki imekaza, basi ya mbele inakivuta. Kinakwenda chenyewe, hakina injini wala tanga, kinazunguka karai mpaka uchoke wewe kukitazama.

Kiboti hicho ndicho kilichompa mume. Berend alikuwa seremala wa jengo lile. Siku ya kwanza aliingia kupima rafu, akaona kitu kinajiendea juu ya maji, akachovya kidole chake chenye mafuta ya randa. Kiboti kikasimama papo hapo.

"Usiguse maji!" Hiltje akafoka.

Berend akabaki na kidole hewani, kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari. "Nimeua nini, dada?"

Wakacheka hadi machozi. Mwaka uliofuata wakaoana, na tangu hapo Berend akawa mtu pekee duniani aliyeruhusiwa kumwoshea karai.

Sasa walikuwa wanakuja wageni watatu kutoka Trondheim, huko Norwei. Walitafuta mtu wa kuongoza uchunguzi wa mafuta yanayomwagika kwenye maji baridi: kazi ya kudumu, na bwawa la majaribio refu kama ukumbi wa harusi. Hiltje aliitamani kazi ya namna hiyo tangu kichwa chake hakina mvi. Maswali yalishaulizwa, yakajibiwa. Lilibaki jambo moja, kwamba mkuu wao, Profesa Ragnhild, aone kiboti kikienda kwa macho yake. Mama huyo hakuamini karatasi za mtu, aliamini mikono. "Atakayenionyesha karai safi," alisema kwenye simu, "huyo nitamkabidhi bwawa."

Na Berend? Berend alisema nenda. Tena aliyasema mbele ya mama yake mzazi, siku ya kuzaliwa ya mama huyo, ndugu wote wameketi duara, vikombe vya kahawa magotini. "Mke wangu akienda kwenye barafu, nami nabeba randa yangu namfuata!" Mama akalia kidogo, akakata vipande vingine vya keki. Hiltje alimpenda mumewe siku ile kuliko siku ya ndoa.

Asubuhi ya wageni, Berend akaamka mapema. "Lala, mpenzi. Karai nakwenda kuliosha mimi. Kazi yako leo ni kupendeza tu."

Alipofika kazini, Hiltje alimkuta mwenzake Wubbo mlangoni na sinia, amejaa meno mdomo mzima. Mkewe kajifungua binti. Na kwao mtoto akizaliwa, baba huleta biskuti kavu za duara zilizopakwa siagi, zikanyunyiziwa vipunje vya sukari, vya pinki na vyeupe kwa mtoto wa kike, na wewe unakula pale pale uliposimama.

"Wubbo, leo usinitie majaribuni," Hiltje akamwambia. "Siagi! Leo!"

"Asiyekula hampendi binti yangu!"

"Looh, umenishika pabaya." Akala moja, wakapeana mikono, kila mtu akampongeza kila mtu hadi mfagizi. Kisha Hiltje akafuta vidole kwa spiriti, kama afanyavyo siku zote. Au hakufuta? Swali hilo lingemla nusu ya siku.

Wageni wakakaa. Karai lilimeta. Berend alisimama ukutani, mikono nyuma. Hiltje akaeleza maneno machache tu, akakishika kiboti kwa kibanio, akakitua juu ya maji.

Kikakaa.

Akasubiri. Akabadilisha punje ya kafuri, akakirudisha. Kikatikisika kidogo, kikakaa tena, kimenuna. Mtu mmoja akakohoa. Hiltje akahisi joto linampanda kutoka shingoni hadi masikioni. Miaka yote ile, na kiboti kimemgeuka mbele ya mtu aliyepanda gari moshi na meli kuja kukiona!

Ndipo sauti ikatoka ukutani, laini, imejaa huruma. "Ni siagi, mpenzi. Si umekula zile biskuti za Wubbo?"

Wubbo akajifunika uso kwa viganja. Profesa Ragnhild aliviangalia vidole vya Hiltje, kimoja kimoja.

"Siagi," akasema. "Siku kama ya leo." Akasimama. "Twendeni tukale. Gari letu linaondoka saa tisa."

Chumba kikabaki kitupu. Hiltje alivinusa vidole vyake. Akavinusa tena. Ah, mwanamke mzima, mtaalamu wa ngozi ya maji, kaangushwa na kipande cha biskuti! Hakulia, maana hasira dhidi ya nafsi yake ilikuwa kubwa kuliko machozi. Akalichukua karai kulimwaga. Maji yakaporomoka ndani ya ndoo, na juu yake pakafura kitu cheupe.

Povu.

Akakodoa macho. Akangoja litulie, halikutulia. Akainama, akanusa, na chini ya harufu ya kafuri akaikuta nyingine anayoijua sana. Limau. Ile ile ya chupa ya kijani iliyo kando ya sinki lao la jikoni, nyumbani.

Moyo ulishajua, lakini mkono wa mtafiti haukubali kabla haujajaribu. Akachukua chupa tatu za kioo. Ya kwanza akatia maji ya bomba. Ya pili akatia maji ya bomba na siagi aliyoikwangua kwenye sinia la Wubbo. Ya tatu, maji ya ndoo. Akatikisa ya kwanza: mapovu machache, yakapasuka, kwisha. Ya pili: vijidonge vya mafuta vikaelea, maji yakatulia. Ya tatu akaitikisa mara moja tu, povu likapanda hadi shingoni, likakaa pale kama lina hati ya kiwanja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia kwamba siku nyingine huamka mapema kikuachie ulale.

Berend akaingia na sahani ya mkate na jibini. "Nimekuletea chakula. Usijiumize roho, kila mtu hukosea."

"Njoo uone." Akamtikisia chupa ya pili, kisha ya tatu, akaziweka mezani sambamba. "Siagi haitoi povu, Berend."

Akaitazama chupa. Akaitazama muda mrefu, kama anayeomba povu lishuke. "Labda Wubbo..."

"Wubbo hana ufunguo wa chumba hiki. Na Wubbo haoshi vyombo kwangu kwa sabuni ya limau."

Sahani ikatua mezani. "Matone tu," akasema chini chini. "Nilitaka kisiende leo. Leo tu."

"Si ulisema utabeba randa?"

"Nilisema mbele ya watu! Ulitaka niseme nini? Mama analia, wewe macho yanakuwaka vile... Mimi Norwei nitakuwa nani, Hiltje? Mume wa profesa, nakoroga supu kwenye giza?"

"Ungesema hapana."

"Ungekwenda."

"Labda ningekwenda. Labda ningekaa. Lakini ningekuwa nimeambiwa!" Sauti ikampasuka. "Na hiyo sabuni, Mungu shahidi, ningekusamehe. Woga ni woga. Lakini siagi, Berend! Umenitazama nikiungua mbele za watu, ukanitupia siagi kwa sauti ya kunihurumia. Nimenusa vidole vyangu kama mwizi. Vidole vyangu mwenyewe!"

Berend akakunja mabega. "Haikuwa nia yangu. Siagi ilijileta. Nikaona pa kujificha, nikaingia." Akashika ndoo. "Nitaosha upya, sasa hivi, kwa maji ya moto. Waite. Waambie ilikuwa siagi, umeshanawa, kiboti kitakwenda, yaishe. Usinitaje tu. Nafanya kazi na watu hawa. Mama atasikia. Nakuomba, mke wangu."

Hiltje alimtazama, na kwa dakika moja, naam, alitaka kumpa. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, neno moja tu, siagi, na mume angebaki na uso wake. Ila neno hilo lilimaanisha kwamba Hiltje ni mwanamke wa kutia kidole cha mafuta kwenye maji siku anayoaminiwa. Ragnhild angekiona kiboti kikizunguka, angetabasamu kwa adabu, angepanda gari lake. Na nyumbani Hiltje angekula chakula cha jioni na mtu anayejua.

Akamnyang'anya ndoo. Akasugua karai mwenyewe, akasuuza, akasuuza, mikono ikawa myekundu kwa maji ya moto. Berend alisimama tu, asijue pa kuiweka mikono yake.

Alipowaita, wageni walirudi wamevaa makoti, tayari kwa safari. Hiltje hakuwaomba waketi. Akazitikisa zile chupa tatu mbele yao, akaeleza kila moja ina nini. Povu likapanda, likakaa.

Profesa Ragnhild akainyanyua ile ya tatu dirishani. "Sabuni. Kwa hiyo mikono yako ilikuwa safi." Akageuka. "Nani aliyeosha karai?"

Wubbo aliangalia viatu vyake, kisha Hiltje, kisha mlango, alikosimama Berend.

"Mume wangu," Hiltje akasema.

Wubbo akanong'ona, "Bwana wee, Berend, hata wewe?" Hiltje akachukua kibanio, akakitua kiboti kipya juu ya maji.

Kikaondoka. Kikaambaa ukingoni, kikakata kona, kikazunguka, kikazunguka tena, kikiwa na haraka zake. Profesa Ragnhild akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akainama karibu kukitazama.

Berend alisogea hatua kwa hatua hadi karaini. Macho yalikuwa yamemlowa, na mkono wake ulikuwa umetangulia, umenyooshwa juu ya kioo, sijui kwa kuomba au kwa mazoea tu. "Hiltje," akasema.

"Usiguse maji," Hiltje akamwambia.

Safari hii hakufoka, na hakuna aliyecheka.