Taa ya Mkia

Nisipokuwa na hasira mkono wangu unatetemeka. Kazi zangu zote nzuri nilizifanya nikiwa nimenuna, kwa hiyo usinihurumie ukisikia kwamba treni hii ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Natengeneza treni ndogo. Majirani zangu hapa Manika, mjini Kolwezi, huziita midoli ya Mama Valérie, nami huwajibu kwa jicho tu. Kipimo changu ni sentimita moja kwa nusu mita, sipunguzi wala siongezi. Behewa la mita kumi na nane linatoka na sentimita thelathini na sita. Bati nalikata kwenye makopo ya maziwa, vioo kwenye chupa za plastiki, vishikio vya milango navikunja kwa waya wa shaba. Uchafu wa paa siupaki rangi. Nachukua lile vumbi la kijivu la Kingamyambo, kilima cha mabaki ya mgodi, linalotua juu ya kila kitu upepo ukivuma, nalipuliza juu ya vanishi kabla haijakauka. Wahandisi wa migodini hununua na kuziweka ofisini mwao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo vumbi limetoka wapi.

Aliyenifundisha ni baba yangu, Tata Kisimba. Alikuwa shefu, yaani mkuu, wa stesheni moja ndogo kwenye njia ya kutoka Kasaji kuja Kolwezi. Haikuwa na jina, watu waliiita Kilometa 71. Mwaka 1984 alifukuzwa kazi, akakaa gerezani miaka miwili. Ndio mwaka niliozaliwa, na nyumbani kwetu mwaka huo haukutajwa. Nilijua kulikuwa na ajali, watu walikufa, na kosa lilikuwa la baba. Zaidi ya hapo mama alifunga mdomo mpaka akaingia nao kaburini.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, mzee akiwa na miaka themanini na minne, alikuja kwenye chumba changu cha kazi akakaa juu ya ndoo.

“Mama,” akaniambia, maana ndivyo anavyoniita akiwa na shida, “unitengenezee ile treni ya quatre-vingt-quatre, mwaka yako ya kuzaliwa. Machine moja na mawagon saba.”

“Juu ya nini, Tata?” nikamuuliza sababu.

“Haiyafika.” Yaani haijafika.

Inabidi nieleze jambo moja la kazi ya reli. Kwa shefu wa stesheni, treni haihesabiwi kuwa imefika eti kwa sababu kichwa chake kimefika. Yeye husimama ukingoni, anaacha injini na mabehewa yapite, anatafuta kitu kimoja: taa nyekundu inayoning'inia nyuma ya behewa la mwisho, mchana na usiku. Akiiona, anajua hakuna behewa lililochomoka likabaki njiani. Ndipo anapiga simu stesheni ya nyuma, njia iko wazi, leteni nyingine. Asipoiona, hapigi.

Baba yangu alipiga. Behewa la saba lilikuwa limebaki kwenye mkato wa kilima, kilometa tisa nyuma, watu wameketi wanangoja kuvutwa. Stesheni ya nyuma ikaruhusu treni ya mizigo, nayo ikaligonga. Walikufa watu kumi na mmoja.

Sikujua ni kwa nini hakuangalia. Baba ni mtu ambaye huhesabu hata karanga kabla ya kuzila.

Nilianza na injini ya dizeli, nikafuata behewa moja moja. Mzee alikuwa anakaa juu ya ndoo yake, ananikosoa, naye ana macho makali kuliko kijana. Mabehewa sita yalikwenda vizuri. Tulipofika kwenye la saba akaanza kunitajia watu.

Dirisha la tatu, mwanamke wa kitambaa cha kijani, ana kuku ndani ya kikapu. Nyuma yake mwanaume anashona kola ya shati akiwa amelivaa. Kwenye kiti cha mlangoni msichana anakula muwa. Niliwachonga kwa nta ya mishumaa, sentimita tatu na nusu wakisimama, nikawapaka rangi kwa unyoya. Nilipofika kwa mtu wa nane niliweka unyoya chini.

“Tata, bale bantu habakufika kwako. Ulibaona wapi?”

“Banapita kila siku. Saa kumi na dakika kumi, saa ya treni.”

“Banapita wapi?”

Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa uani. Kila siku alasiri, saa kumi na dakika kumi, mzee wetu huvaa kofia yake ya kazi na kusimama wima mbele ya ukuta ule kama dakika tano. Mimi na majirani tulisema ni uzee.

Nikamaliza wote kumi na mmoja na kuwabandika kwenye viti kwa gundi. Sikutaka kuuliza zaidi.

Kuna mama mmoja anaitwa Louise, anatoka Kasaji kuuza unga wa muhogo sokoni kwetu. Siku moja aliniletea unga hadi chumbani. Behewa la saba lilikuwa mezani bila paa. Akatua mfuko, akainama hadi pua yake ikakaribia dirisha la tatu.

“Ule njo mama yangu,” akasema.

“Wa kitambaa ya kijani?”

“Mi njo nilimuchagulia kile kitambaa. Nilikuwa na miaka sita. Na kuku alipewa na jirani yetu asubui, wakati ya kupanda. Nani alikwambia mambo ya kuku?”

Nilimnyooshea kidole mzee, aliyekuwa uani na kofia yake kichwani. Nikamweleza Louise kwamba ndiye yule shefu wa Kilometa 71. Nilitegemea matusi, hata nilikuwa nimejiandaa kuyarudisha. Louise alimtazama tu kupitia mlango mpaka mzee alipovua kofia na kurudi kitini.

Baada ya siku ile treni ilianza kusogea.

Nilikuwa nimeiweka katikati ya meza ndefu, juu ya reli yenye upana wa milimita ishirini na moja, na mwisho wa meza nilikuwa nimejenga stesheni ya Kilometa 71 yenye benchi na kengele. Adhuhuri moja niliona injini imevuka alama ya penseli niliyokuwa nimepiga mezani. Niligombeza majirani wote. Nikapiga alama mpya. Kesho yake imevuka tena, upana wa kidole. Nikaifunga kwa waya kwenye msumari. Kesho yake waya ulikuwa chini, umenyooka, haukukatwa.

Basi nikaketi kuilinda. Saa kumi na dakika kumi jua lilikuwa limejaa chumbani, inzi wanazunguka, pikipiki za taksi-moto zinapiga honi barabarani. Uani mzee aliinua kidevu. Nilisikia magurudumu yakilia mara moja tu, sauti ndogo kabisa. Sikuona kitu kikienda, lakini alama ya penseli ilikuwa nyuma ya injini. Niliogopa, nasema wazi. Nilitoka nikakaa sokoni hadi duka la mwisho lilipofungwa.

Kilichobaki kilikuwa taa. Na hapa ndipo kosa langu lilipo.

Taa nilikuwa nimeshaitengeneza zamani. Nilichukua punje nyekundu ya kioo kwenye rozari ya mama iliyokatika, nikaizungushia kizimba cha waya wa shaba na kitanzi cha kuitundikia. Iliingia kwenye kiberiti, na kiberiti kilikaa mfukoni mwa aproni yangu. Mzee alipouliza nilimwambia sijapata kioo chekundu. Nilimwambia hivyo miezi miwili. Nilirudia vishikio vya milango mara tatu ili nionekane nina kazi. Kwa sababu nilikuwa nimeelewa: taa ikitundikwa treni imetimia, na mtu aliyekuwa akiingoja hana tena sababu ya kubaki. Sina mume, sina mtoto. Nina mzee mmoja juu ya ndoo, ananikosoa.

Mwezi wa kumi, mvua zilipoanza, alianguka uani. Majirani walinisaidia kuweka kitanda chake chumbani mwa kazi kwa sababu alikataa chumba kingine. Siku tano hakula. Kila alasiri saa ilipofika alijaribu kuinuka, akashindwa, akalia kama mtoto aliyekaripiwa mbele za watu. Injini ilikuwa imebakiza shibiri moja kufika stesheni, nayo ilikuwa haisogei tena.

Siku ya tano Louise alikuja. Alimtazama mzee, akatazama mkia wa treni usio na taa.

“Valérie, umupe taa yake.”

“Nikimupa, anaenda.”

“Na usipomupa? Anabakia pale pale. Na mama yangu anabakia mule ndani.”

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Hakutoka. Alivuta ndoo akakaa.

Nikamgeukia mzee kwa hasira yangu yote, maana sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka. “Tata, sema leo. Juu ya nini haukuangalia?”

Alichukua muda kupata pumzi.

“Mama yako alishuka ku wagon ya tatu. Alitoka kukuzaa kwao, Kasaji. Ulikuwa na siku makumi ine, mi nilikuwa bado kukuona. Akakufunua sura. Blanketi ya bleu. Treni ikaanza kutoka, mawagon yanapita nyuma yako. Mi nilikuwa naangalia weye.”

Miaka arobaini na mmoja nimekula chakula cha mtu huyu, nimejibizana naye, nimemnunia, na hata siku moja hakuniambia. Nilitaka kukasirika na sikumpata wa kumkasirikia. Nililia mbele ya Louise, ambaye mama yake alikufa kwa sababu mimi nilifunuliwa uso.

Saa kumi kasoro tano nilitoa kiberiti. Nilimwambia mzee kwamba nilikuwa nayo siku zote. Alisema, “Najua.” Nikatundika taa nyuma ya behewa la saba. Louise alimwinua mabegani, nami nikamvalisha kofia.

Ilipofika dakika ya kumi nilisikia magurudumu. Sikugeuka kuangalia treni. Nilipiga magoti kati ya kitanda na meza, nikamshika mashavu.

“Tata, uniangalie.”

Aliweka kiganja kwenye uso wangu na kunisogeza pembeni, taratibu, kama mtu anayesogeza pazia. Akaangalia taa. Akainua mkono, kama wanavyoinua mashefu wa stesheni.

“Iko kamili,” akasema.

Louise ndiye aliyeushusha ule mkono.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu niliingia chumbani. Pua ya injini ilikuwa imesimama sawasawa mbele ya benchi la stesheni. Nilifungua paa la behewa la saba nimpe Louise mama yake, nilikuwa nimemwahidi. Viti vyote kumi na moja vilikuwa vitupu, gundi imebaki juu yake, kavu na safi. Nilitafuta chini ya meza, nilifagia chumba chote, nilipekua hata vumbi la Kingamyambo kwenye mkebe wake. Louise alikuwa mlangoni, akaniuliza mama yake yuko wapi.

“Alishuka,” nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akajitwika unga wake akaenda sokoni.

Treni siuzi. Mhandisi mmoja ameshaniuliza mara mbili, nimemfukuza. Alasiri nakaa juu ya ndoo naangalia ile punje nyekundu, na nafurahi kwamba aliiona. Lakini nilimwomba aniangalie mimi, kwa mdomo wangu, na hakuniangalia.