Mashine Iliyotumia Jina la Binti Yangu

Siku tatu za mwisho mlango wa mashine ya kutotolesha vifaranga haufunguliwi. Hilo nilifundishwa chuoni nikalifanyia mtihani, na baadaye nikalithibitisha kwa macho yangu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ukifungua, unyevu unatoka, utando wa ndani ya yai unakauka, na kifaranga anayejaribu kutoka ananasa kama mtu anayevua sweta lililolowa. Anafia humo humo, mdomo nje.

Kwa hiyo simu yangu iliponiandikia "Huruhusiwi" asubuhi ya siku ya kwanza kati ya hizo tatu, sikuliona kuwa ni jambo la simu. Trei zote zilikuwa zimejaa mayai, mlango umefungwa, na mimi sijui ndani kuna joto gani.

Mashine yenyewe aliiunda mume wangu, ambaye ni seremala. Ni sanduku la mbao lenye ukubwa wa kabati la nguo, na linasimama chumba cha nyuma, kile kilichokuwa chumba cha watoto. Taa za joto na feni nilifunga mimi. Binti yetu ndiye aliyeongeza kidubwasha kisichozidi kiberiti, akakibandika ndani karibu na trei ya juu. Kinapima joto na unyevu, kinatuma kwenye kompyuta iliyoko mbali, nami nasoma kwenye simu. Tangu kilipowekwa nilianza tena kwenda sokoni kama watu wengine. Kipimajoto changu cha kioo nikakitundika ukutani kama picha ya marehemu.

Alitaka kunifungulia akaunti. Nikamwambia, "Akaunti ya nini? Niombe ruhusa ya kutazama mayai yangu mwenyewe?" Akacheka, akatumia ya kwake, kwenye kidubwasha na kwenye simu yangu pia. Kila nilipofungua ukurasa ule, jina lake lilikuwa pale juu.

Halafu tukagombana. Alipata kazi mji mwingine, kazi ya kulinda kompyuta za kampuni za watu, na mimi biashara ya vifaranga nilikuwa nimeipangia watu wawili. Nilisema mengi. La mwisho lilikuwa, "Kama unaondoka, acha funguo za nyumba yangu mezani." Akaziacha. Wala hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tangu siku hiyo huongea na baba yake tu, na mimi habari zake nazipata kwa kusikiliza upande mmoja wa simu huku nikijifanya napepeta mchele.

"Huruhusiwi," mume wangu alisoma, simu ameishika mbali na macho. "Nani hakuruhusu?"

"Simu."

"Simu haina cheo hicho. Mpigie mtoto, mama watoto."

"Simpigii."

"Na mayai?"

"Mayai yalikuwepo kabla ya simu."

"Yalikuwepo na kabla yako pia, lakini hayakuwa kwenye sanduku langu."

Nikaweka kiganja ubavuni mwa sanduku, kama unavyompima mtoto homa.

"Linasemaje?" akauliza.

"Vuguvugu."

"Vuguvugu ni nyuzi ngapi?"

Nikachukua mkoba wangu. Vuguvugu inaweza kuwa kifaranga mzima, na inaweza kuwa yai linalochemka taratibu.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa simu. Mtaa mzima unamwita Daktari kwa sababu anafanya kazi na koti jeupe. Yeye, mimi na saluni iliyo jirani yake tunatumia wi-fi moja, kwa hiyo hakuhitaji hata kuinuka. Aliketi pale pale kwenye meza yake akakiingilia kidubwasha changu kupitia simu yake, wakati mimi nimesimama na mkoba kwapani.

"Kifaa chako ni kizima, Mama," alisema. "Kinatuma vizuri tu. Kinakataliwa huko kinakotuma."

"Kwa nini kikataliwe?"

"Kila kinapotuma joto, kinaliwekea kichwa, kama maandishi ya juu ya bahasha. Pale juu kinasema: mimi ni fulani, na nenosiri langu ni hili. Huko wanaangalia. Vikilingana, wanapokea. Sasa havilingani. Mwenye akaunti amebadilisha nenosiri."

"Lakini kinatuma tangu mwaka jana. Hawajakizoea tu?"

"Kule hakuna kuzoeana. Kila ombi ni mgeni. Dakika iliyopita walikupokea, sasa hivi jitaje tena. Usipojitaja, hupiti."

Nikavuta kiti nikakaa. Niliyoyasikia mimi yalikuwa mafupi kuliko aliyoyasema yeye: amenifungia. Nilimwambia aache funguo zangu, na sasa amechukua zake.

Daktari hakuona kitu usoni kwangu. Mafundi wana raha yao, wakishaanza kufungua kitu hawaoni tena mwenye nacho. "Hebu tuone la zamani lilikuwa lipi," akasema, akanionyesha mstari wa herufi zilizovurugika, kubwa na ndogo zimechanganyika.

"Si limefichwa hilo?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Herufi zimegeuzwa tu ili zisafiri bila kuharibika. Kuficha ni kazi nyingine kabisa." Akabonyeza mara moja, herufi zikajipanga, akasoma kwa sauti. Jina la binti yangu, nukta mbili, kisha jina la jogoo. Tulikuwa na jogoo mmoja mkorofi aliyemkimbiza uani utoto wake wote. Nyuma ya jina la jogoo, mwaka aliozaliwa binti yangu.

Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Sasa nini tena?" Daktari akashtuka.

"Unatangaza siri ya mtoto wa watu!"

"Siri iko wapi, Mama? Inapita hapa hewani kila ikitumwa, na njia yenyewe haina kufuli. Hata saluni wangetaka wangeisoma."

"Sisi tunasuka tu," alisema msusi, aliyekuwa amekuja kufuata chaja yake. "Ila huyo jogoo yuko wapi siku hizi?"

"Tulimla," nikasema, nikavuka barabara.

Nilirudi na hasira mbili, na kabla sijafika mlangoni ya pili ilikuwa imeimeza ya kwanza. Mtoto huyu analipwa kulinda milango ya watu. Namjua tangu alipokuwa akipiga mswaki kwa kulazimishwa: ana chanuo moja, peni moja, na hapana shaka nenosiri moja kwa kila kitu. Na hilo moja alikuwa amelitumbukiza ndani ya sanduku la mayai, likapita mbele ya saluni na ya Daktari na ya mpita njia yeyote, tangu mwaka jana, ili mimi nisisumbuke kuomba ruhusa. Siku ile aliziacha mezani funguo zangu zote. Ufunguo wake mwenyewe aliuacha ndani ya mashine, mlango wazi.

Wakubwa wake wakijua, watamtazamaje?

Basi nikapiga. Kubembeleza sijui. Kugomba najua, na sasa nilikuwa na sababu.

Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ni mjinga?"

"Kwa lipi hasa?"

"Jina la jogoo! Kwenye wi-fi ya saluni! Daktari amelisoma kama anayeita wagonjwa."

Nikamsikia anacheka, cheko lile la kujizuia, la puani. "Ni la zamani, Mama. Halifungui kitu tena. Nimelibadilisha leo asubuhi, kila mahali."

"Najua umelibadilisha. Nina mayai humu sijui yako nyuzi ngapi."

"Si ni ya wiki ijayo?"

"Niliyaingiza mapema. Mlango hauguswi tangu leo."

Cheko likakatika. "Mama, sikujua. Haki ya Mungu sikujua." Nikasikia kiti kikisogezwa, vidole kwenye kibodi. "Jana kazini walitufundisha jambo hilihili. Mkufunzi akatoa mfano wa mtu anayetuma nenosiri lake wazi kila dakika bila kufikiri. Wote wakacheka. Mimi nilibaki natazama meza. Kile kidubwasha mwaka jana nilikibandika kwa haraka, nikasema nitakirekebisha nikitulia, na kutulia kwenyewe..."

"Ungepiga uniambie."

"Nilishika simu zaidi ya mara moja."

"Sasa?"

"Ungepokea?"

Nikaweka tena kiganja ubavuni mwa sanduku.

"Na mimi sasa hivi sioni," akasema kwa sauti ya chini.

"Huoni nini?"

"Joto. Kila asubuhi nilikuwa naliangalia. Ukifungua mlango kugeuza mayai, linashuka kidogo, halafu linapanda tena. Likishuka najua Mama ameamka. Ile wiki uliyougua mafua lilikuwa linachelewa kushuka, nikampigia Baba."

Naikumbuka simu ile. Niliisikia upande mmoja: "Mafua tu, anakohoa na kuamrisha kama kawaida." Nilidhani mume wangu ndiye aliyeanza habari za mafua yangu, nikamnunia siku nzima kwa umbea.

Sasa alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma, randa mkononi, anatafuta kitu ambacho hakikuwemo humo.

"Haya," nikasema kwenye simu, "mayai hayasubiri mazungumzo. Nifanye nini?"

Akaniongoza. Kidubwasha tulikipa jina lake chenyewe na nenosiri lake chenyewe, refu, la herufi zisizo na maana, akaunti isiyoweza kufanya lolote duniani ila kutuma joto na unyevu. "Likiibwa," alisema, "mwizi atapata kazi ya kutuma joto." Kisha akabadilisha njia, iwe ile yenye kufuli, ili hata Daktari akichungulia aone takataka tupu. Nilibonyeza aliponiambia nibonyeze. Mara mbili nilikosea, na mara mbili alisema "si neno, Mama" kwa uvumilivu ambao hakuurithi kwangu.

Namba zikatokea.

Joto lilikuwa limepanda, si la kutisha, lakini mayai yangekaa nalo hadi kesho ningefungua mlango na kukuta ukimya. Kirekebishi cha joto kiko nje ya sanduku, nashukuru seremala wangu kwa hilo. Nikakizungusha kidogo, nikasubiri, nikakizungusha tena. Namba zikaanza kushuka kama mtu mzima anayeshuka ngazi.

"Naona," binti yangu akasema.

"Na mimi naona."

"Sasa wewe, Mama. Akaunti yako."

Sikubisha. Nikaandika jina langu. Nikafikiri nenosiri, nikaliandika.

"Umeweka lipi?" akauliza.

"Linakuhusu nini?"

"Safi. Umefaulu."

"Nilifaulu kabla hujazaliwa. Nina stashahada."

Alicheka tena, safari hii hakujizuia. Baba yake pale mlangoni akageuka akaenda zake na randa yake, kumbe alichokuwa anatafuta amekipata.

Kabla ya kukata nilisema, "Funguo zako ziko kwenye msumari."

"Zipi?"

"Unazijua."

Jioni nikiosha trei za akiba nilifikiria maneno ya Daktari, kwamba kule hakuna kuzoeana, kila mara unajitaja upya. Mwanzoni niliona ni upumbavu wa mashine. Mtu akishajulikana, amejulikana. Mimi mambo ya mtu na mwanawe nilidhani husemwa mara moja, siku unayokabidhiwa umshike, na baada ya hapo kazi iliyobaki ni chakula, ada na kufokeana. Yeye alikuwa mbali huko, kila asubuhi anasubiri namba ishuke ndipo aanze siku. Nami kila nikifungua ule ukurasa nilikuwa naliona jina lake, nashuka moja kwa moja kwenye joto kana kwamba halikuandikwa. Nilisugua trei moja hadi mume wangu akaniuliza kama nataka kuitoboa.

Siku ya tatu walianza kusikika kabla ya kuonekana. Kwanza mgongano mdogo kwenye mbao, halafu mlio mmoja, halafu sanduku zima likawa kama darasa ambalo mwalimu ametoka. Niliwaacha wakauke. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa haraka ya kuwashika. Manyoya yalipofura, nikanawa mikono, nikafungua mlango.

Joto lilinipiga usoni. Walikuwa wamejaa trei kwa trei, wengine wamekanyaga maganda yao, wengine wamekanyagana wao kwa wao, wote wanalalamika. Nikaanza kuwahamisha kwenye boksi, mikono miwili miwili.

Simu iliyokuwa dirishani ikalia. Ujumbe: "Linashuka! Wametoka? Wangapi?"

Mimi si mtu wa kuandika ujumbe. Nikafuta mkono kwenye aproni, nikapiga.

"Shikamoo, Mama. Wangapi?"

Niliisogeza simu kwenye boksi ili aisikie ile kelele. Nikairudisha sikioni.

"Njoo uhesabu mwenyewe," nikamwambia.

Halafu nikakata, kwa sababu mlango ulikuwa bado wazi.