Mitende ya Mabruka

Jumatatu asubuhi, alipomaliza kukanda unga, Mabruka alishuka bustanini akakuta mtende wa pembeni umesogea hatua mbili kuelekea kwa shemeji yake. Nyuma yake uliacha mtaro kwenye mchanga, na mende weusi walishajichimbia humo kukimbia jua. Mabruka aliufukia kwa mguu akarudi kuoka mkate.

Hakuulaumu mti. Tangu shemeji huyo, Haji Kaddur, achimbe kisima kirefu na kufunga pampu, mfereji wa chini kwa chini uliokuwa ukinywesha mashamba yote ulianza kunywea. Kwenye jiwe la kugawia maji, lenye tundu la kila shamba, la Mabruka ndilo lililotangulia kukauka. Mpima maji, mwamuzi wa migao ya kijiji, aliingiza kidole, kikatoka na vumbi, akaenda zake.

Kufikia Ijumaa mitende yote tisa ilikuwa imejipanga kwenye ukuta wa Kaddur. Kaddur aliubomoa ili ipite bila kuchubuka.

"Shemeji, hiyo aliipanda marehemu ndugu yako," Mabruka alimwambia.

"Kwani nabisha? Miche nilimshikia mimi. Ila sasa inakunywa kwangu, na anayenywesha ndiye mwenye mti. Kamuulize mpima maji."

Alimuuliza. Mpima maji alisema ndiyo, macho yamo kwenye kandambili zake. Mabruka aliumia sana. Tende zile ndizo zilizomlisha yeye na binti yake mwaka mzima, na ghalani limebaki kapu moja.

Msimu wa kuchavusha ulipofika, Kaddur alimwita, maana hapakuwa na mkono mwingine kama wake. Walipatana kole moja la tende kwa kila mti. Mabruka alikuja na kamba ya kukwelea na fungu la maua dume. Mtende wa kwanza ulipomwona uliinama taratibu, kama ngamia anayepiga magoti, mpaka kilele kikamfika kifuani. Alipasua makarara, akachomeka maua, akafunga kwa ukuti. Mtende ukainuka. Wa pili nao ukainama, na wa tatu, hadi wa nane.

Kaddur alikuwa kivulini na glasi yake ya tatu ya chai.

"Naona siku hizi hukwei, shemeji."

"Inainama yenyewe."

"Basi chukua nusu kole. Kazi imekuwa ya chini hiyo."

Ulibaki mmoja, nao ulishaanza kuinama. Mabruka aliupiga kofi shinani.

"Simama wima, mwanangu," aliunong'oneza. "Tunatazamwa."

Mtende ukasimama. Mabruka akafunga kamba kiunoni, akaukwea.