Ufunguo wa Colby

Mezani pa kahawa, dukani kwa Ushirika wa Brennick, wazee walikwisha kata shauri kabla vikombe havijapoa: timu yao ya hoki ya barafuni ilifaidika.

"Hesabu nyepesi," akasema Lyle, mkulima mstaafu asiyejua kunong'ona. "Tumetoa straika mmoja, tumepata mabeki wawili na kipa. Kombe tunalo. Mnataka nini tena, maziwa ya kuku?"

"Na straika mwenyewe goti limemwisha huko alikokwenda," akadakia Metro, mzee mwenzake. "Meneja, uliona mbali, bwana!"

Orest Hnatiuk, meneja wa timu, alicheka kwa meno tu. Straika huyo, Colby Desjarlais, alikuja ana miaka kumi na sita, akapangiwa kuishi kwa Orest, kama wachezaji vijana wote wanavyopangiwa nyumba za watu mjini. Miaka mitatu alikula perogi, vile visambusa vya viazi vya kuchemshwa, alizopika Verna, mke wa Orest, akazoa theluji mlangoni bila kutumwa. Verna hakujaliwa mtoto. Kila kijana aliyemlea alimpa ufunguo wa mlango wa jikoni, awe nao maisha. Wamepita kumi na mmoja, na Verna hujivunia kwamba hakuna aliyewahi kuurudisha.

Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Orest alipaswa kumwambia Colby ana kwa ana kwamba ametolewa. Akayaogopa macho yake, akajichimbia ofisini. Kijana akazisikia habari redioni, jikoni, mikono imejaa unga, akimsaidia Verna kukanda. Klabu ikawaletea kijana mwingine wa kukaa naye, mpole kabisa, lakini jino la pembe si dawa ya pengo.

Orest aliporudi nyumbani alimkuta Verna anatandika kitanda cha Colby. Kesho ilikuwa zamu yao kukaa na kombe nyumbani siku nzima, kama kila mtu wa timu bingwa anavyofanya.

"Nimewaalika wanangu wote," alisema Verna.

"Colby kajibu?"

"Bado. Ila atakuja, namjua. Si ufunguo anao?"

Orest alitia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwamo tangu Jumanne, ulipofika kwa posta ndani ya bahasha isiyo na hata mstari mmoja wa barua. Uoga ukamshika vilevile kama siku ile.

"Anao," akasema.

"Basi leo usitie komeo," akasema Verna, akaupigapiga mto uumuke.