Redio Atimiza Sabini

Mtaa mzima ulimwita Redio. Alikuwa fundi bomba, na alikuwa akizibua sinki lako huku akikusimulia mambo ya ukoo wake; maji yakianza kushuka, yeye hajafika hata katikati. Mkewe, fundi cherehani, alimsikiliza zaidi ya miaka arobaini bila kuinua mguu kwenye pedali. Kisha kiharusi kikampiga Redio, kikampoozesha upande mmoja na kumwachia neno moja tu: "Bado." Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimuuliza kama anaumwa, bado.

Siku aliyotimiza sabini, watoto walisema lazima washerehekee. Binti mkubwa alileta keki, mdogo wake wa kiume akafunga maputo kwenye pazia, wajukuu wakajaa sebuleni. Mama alikuwa amemvalisha mumewe shati jipya alilolishona mwenyewe, mkono mmoja mpana kuliko mwingine, ili ule mkono mzito upite bila taabu. Hakuna aliyegundua, naye alifurahi hivyo.

"Sasa hadithi za baba!" alisema mwana, akaanza ile ya kuzaliwa kwa dada yake. "Mafuriko, magari hakuna, mama kashikwa na uchungu. Baba akamtupa mgongoni, akayakata maji mpaka hospitali!"

Redio akapiga meza kwa mkono wake mzima. Vijiko vikaruka.

"Bado!"

"Amechoka," alisema binti. "Tumlaze."

"Bado! Bado!" Macho yamemtoka, mate yanamchuruzika kidevuni. Mjukuu mdogo akaangua kilio.

Mama akapiga magoti mbele yake, akamfuta kidevu, akamtazama usoni kwa muda.

"Unataka niseme ilivyokuwa?"

Redio akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Kunibeba alinibeba, ila hatukufika mbali. Aliteleza kwenye mtaro, mguu ukateguka. Toka pale mimi ndiye niliyemkokota. Uchungu ukija nasimama, ukipita tunaendelea, naye kaning'inia begani, analia kunishinda. Tulipofika, muuguzi akaniambia, 'Mama, wewe subiri nje, tumhudumie mgonjwa kwanza.'"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Redio naye akacheka kwa nusu ya mdomo, halafu kicheko kikageuka kilio, akaung'ang'ania mkono wa mkewe.

"Mama, miaka yote hiyo umenyamaza tu?" aliuliza mwana.

"Alivyokuwa akiisimulia, hata mimi nilitamani iwe hivyo."

Binti hakucheka. Alimfuata mama yake jikoni, akamkuta anaosha sahani.

"Mama, na siku hizi unamkokota na nani?"

"Tunajikongoja hivyo hivyo."

"Mama."

Mama akaiweka sahani chini. "Juzi aliniponyoka bafuni. Nikashindwa kumnyanyua. Tulikaa sakafuni, maji yanatumwagikia, simu iko sebuleni. Niliita mpaka sauti ikakauka, ndipo jirani akaja."

"Na hukutuambia!"

"Niliogopa mtamchukua." Alisema polepole, akiwa amempa mgongo. "Ningebaki na nani humu ndani?"

Binti akamwita mdogo wake. Mwana akataka baba ahamie kwake, leo leo. Binti akamwambia ajaribu kumtoa mzee huyo nyumbani kwake aone. Walizozana kwa sauti za chini, wajukuu wasisikie. Mwisho wakakubaliana: mwana atapita kila asubuhi amwogeshe baba kabla ya kwenda kazini, na dada yake atalala hapa, japo naye ana watoto wake na mume asiyependa kulala peke yake. Hawakuona njia nyingine. Mama aliitikia huku aibu inamchoma, kama mtu aliyekutwa akiiba.

Waliporudi sebuleni, Redio alikuwa amesinzia kitini, krimu ya keki imemganda kifuani. Mama akapitisha mkono chini ya kwapa lake kama alivyozoea. Mwana akaja upande wa pili.

"Niachie, mama."

Ilimchukua mama muda kuuondoa mkono wake.