Mpango Wenye Darubini

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na soksi moja, niliota jeshi limeniita nikague Mpango wake wa Miaka Thelathini. Mimi huyu, niliyepata F ya hesabu! Sikushangaa. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikaenda.

Mapokezi nakuta jozi ya mabuti. Ndani hamna miguu.

"Umekuja kupima?" linauliza buti la kushoto.

"Ndiyo, afande."

"Afande ni mimi," linasema la kulia. "Huyo ni koplo tu. Mpango wetu unaona mbali. Kapime ni mbali kiasi gani. Na darubini usiguse, tumeipaka dawa ya viatu sasa hivi. Hapa kila kitu lazima king'ae."

Nafungua mlango, naangukia ukingo wa mto. Mpango wenyewe umesimama hapo: faili nene lenye kimo cha mtu, kofia kichwani, darubini jichoni. Mbele yake, karibu kukanyagwa, yupo kaka yangu Lusajo na bunduki yake. Analinda daraja. Daraja halipo.

"Bado tu, kaka?"

"Amri ni nililinde mpaka likamilike. Mwaka wa tatu huu, dogo. Harusi nimeahirisha mara mbili. Bupe amesema Jumamosi nisipotokea, anaolewa na yule anayekodisha maturubai ya harusi, maana ndiye pekee anayefikaga."

Naugeukia Mpango. "Shikamoo."

"Marahaba. Usinizibe."

"Unaona nini huko?"

"Mwaka wa thelathini. Daraja zuri, njia nne. Koplo mwenye mvi analilinda."

Lusajo anajipapasa kichwa.

"Na mwaka wa kwanza?"

"Huo sijawahi kuuona," unajibu Mpango bila aibu. "Uko karibu mno."

Navuta futi kutoka pua yake hadi kifua cha kaka. Naandika kwenye fomu, nikisoma kwa sauti: "Unaona miaka thelathini. Hauoni sentimita arobaini."

"Kwani sentimita arobaini kuna nani?"

"Lete darubini nikushikie, uangalie mwenyewe."

Unanipa. Siwezi kujizuia, natia jicho. Kweli, babu mwenye magwanda yupo kule, ameshika ua la harusi lililokauka.

Huku nyuma Mpango unapepesa macho. "Wewe ni nani?"

"Koplo Lusajo, afande. Mlinzi wa daraja."

"Daraja lipi?"

Wote tunatazama mto. Kwa mbali, mabuti yanakohoa.

"Nenda kaoe, kijana," unasema Mpango, polepole. "Daraja likifika, litakuita lenyewe."

Nikaamka. Mama alikuwa mlangoni na simu mkononi, anacheka na kulia.

"Lusajo kapiga! Wamempa likizo asubuhi hii, hata yeye hajui imetoka wapi. Amka ukamchukulie suti kwa fundi."

Kisha akanikazia macho.

"Na hilo jicho umelifanyaje?"

Nikaenda kwenye kioo. Jicho la kulia lilikuwa na duara jeusi, limezunguka vizuri kama limechorwa kwa bikari. Nililigusa, nikanusa kidole.

Dawa ya viatu.