Mgongo wa Orville Teague

Orville Teague alikuwa ameonekana katika picha thelathini na nane za farasi na bastola, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kuuona uso wake. Kazi ndivyo ilivyotaka. Stelingi akitakiwa kuanguka, kuruka au kuburutwa na farasi, alivuliwa shati lake akavikwa Orville, na Orville akaenda kuumia kwa niaba yake, mgongo kwa kamera. Mgongo huo ulijulikana Amerika nzima. Uso ulijulikana mjini kwao Bishop tu, na huko nako ulikuwa uso wa mume wa mzushi.

Mzushi mwenyewe alikuwa Nettie, mkewe, aliyewaambia wenzake wa kundi la kushona mablanketi kwamba mumewe yumo kwenye sinema. Jumamosi moja wakaenda wanawake tisa, wakatazama mwanzo mpaka mwisho. Bi Haskell, mkuu wa kundi, alitoka amebana midomo.

"Sasa Nettie, mwenzangu, mumeo yupi? Yule farasi wa kahawia?"

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu. Nettie akiingia na sindano zake anaulizwa farasi hajambo. Alicheka nao mwaka mzima, kisha akaacha kwenda kushona. Jambo hilo lilimuuma Orville kuliko mbavu zote alizowahi kuvunja. Mwanamke amekaa naye miaka ishirini na sita, amemkanda kwa maji ya moto kila kiungo alichonacho, halafu aitwe mwongo kwa ajili yake!

Ndiyo maana safari hii alimfuata dairekta, Bwana Brandt, kofia mkononi. Brandt alikuwa mtu mfupi mwenye kiungulia kisichopona, aliyetengeneza picha nzima kwa siku sita. Hii ilimhusu askari kanzu anayejitia ujambazi ili akamate genge la wezi wa ng'ombe, beji yake kaishonea ndani ya kizibao.

"Nipe sentensi moja, bosi. Uso uonekane."

"Wewe? Uso huo?"

"Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya mama watoto."

Brandt alimtazama, akameza kidonge. Akampa nafasi ya jambazi anayeiona beji na kusema, "Jamani, huyu ni askari." Maneno manne. Orville aliyafanyia mazoezi mbele ya farasi wote wa zizi. Nettie alipopata habari alirudi kushona siku hiyo hiyo, akawaambia wakae tayari.

Siku ya sita iliwakuta kwenye majabali ya Lone Pine, upepo unavuma mchanga mpaka kwenye meno. Stelingi wao, Clay Dunmore, alichelewa kwa sababu ya jino. Farasi wawili walichechemea. Kufikia saa kumi jua lilikuwa linakaribia kuzama nyuma ya milima, na mpiga picha akainua kidole kimoja. Mkanda uliobaki ulitosha tukio moja tu, na yalibaki mawili: sentensi ya Orville, na stelingi kuruka kutoka juu ya jabali kumwangukia jambazi aliye juu ya farasi.

"Mzee Orville," Brandt alisema, sauti imepoa. "Unajua mwenyewe. Stelingi asiporuka, hakuna picha."

"Najua."

"Sentensi tutampa mtu aiseme, isikike tu. Picha ijayo nitakukumbuka."

Orville alilivua shati la ujambazi. Hakumkasirikia Brandt. Aliukasirikia upepo, akalikasirikia jino la Dunmore, akajikasirikia mwenyewe kwa kumfungua Nettie mdomo mapema. Akavaa shati jeupe la stelingi, akaipachika kofia nyeupe, akapanda jabali.

Jambazi wa kuangukiwa alikuwa Lester Pruitt, baba wa watoto watatu, wiki yake ya pili kazini. Kawaida ya kazi hiyo ni moja: anayeangukiwa lazima kwanza achomoe mguu kwenye kikuku cha tandiko, ile pete ya kukanyagia, ndipo waanguke pamoja upande wa mbali na kamera. Orville alikuwa amemwambia mara tatu, na mara tatu Lester aliitikia kwa kichwa.

Farasi akaja mbio. Orville akaruka. Alikuwa hewani bado alipouona mguu wa Lester umezama ndani ya kikuku mpaka kisiginoni. Wakianguka hivyo, farasi atamburuta Lester kwenye majabali mpaka asibaki kitu.

Hakuanguka upande wa mbali. Alijipindua akatua upande wa kamera, akaikumbatia shingo ya farasi kwa mkono mmoja na kuvuta hatamu kwa mwingine, akipiga kelele, "Toa mguu! Toa mguu, wewe!" Kofia ikapeperuka. Farasi alizunguka mara mbili, akasimama mbele ya kamera kabisa, na bega la Orville likateguka.

Lester alishuka, akakaa chini kwenye mchanga.

"Umeonekana wote," Brandt alisema. "Masharubu, kipara, kila kitu."

"Mguu wake ulikuwa ndani, bosi."

Brandt alimtazama Lester muda mrefu, kisha Orville. "Haya," akasema. "Fungeni vitu, twendeni."

Usiku ule, Nettie akimkanda bega, Orville alimsimulia yote, na kwamba sentensi haipo tena. Nettie aliendelea kukanda.

Miezi mitano baadaye picha ikaja Bishop, maonyesho ya Jumamosi mchana. Orville hakutaka kwenda. Nettie alivaa kofia yake ya kanisani, akamshika mkono, wakakaa safu ya tatu, nyuma yao Bi Haskell na kundi zima.

Clay Dunmore, kijana mwenye nywele za mawimbi, akapanda jabali. Akaruka. Na humo hewani akageuka mzee wa miaka hamsini na tatu, kipara kinang'aa, masharubu yamesimama, mdomo wazi. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Haukuwa umetulia pale binti wa mwenye ng'ombe alipomwambia Dunmore, "Hata mimi sikukutambua," naye akajibu, "Askari wa siri lazima ajue kubadili sura." Hiyo Brandt aliiongeza baadaye, maskini, kuziba tundu. Watu walishika mbavu. Orville alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nettie akasimama.

"Huyo ni mume wangu," alisema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Na yule wa juu ya farasi mguu wake ulinasa. Yu hai kwa sababu ya huyu."

Kicheko kilipungua, kikafa.

"Mama, kofia," mtu akanong'ona huko nyuma.

Mkono wa Bi Haskell ukaligusa gauni la Nettie, taratibu. "Kaa chini, Nettie," alisema. "Tumemwona."

Nettie hakukaa. Alisimama vile vile, kofia yake imeziba nusu ya sinema, mpaka taa zikawashwa.